Msimamizi wa Shimo la Mama

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaitika kwa uvivu huko nyuma? Wewe baba mwenye mashamba, ya leo inakuhusu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ngiri waliingia shimoni kwa kichwa, kama wanyama wengine. Palikuwa na mama ngiri. Akachimba shimo. Chimba, chimba, miaka saba. Vyumba viwili, mlango mmoja. Kisha akafa. Akaacha watoto wawili: Shomari, kaka mtu, na Sikudhani, dada mtu, mwenye vitoto vitatu vinavyonyonya.

Matanga yalipoanuliwa, Sikudhani akasema, "Kaka, mvua zinakuja na wanangu hawana pa kulala. Tumwite wakili atugawie vyumba."

Wakili alikuwa Karani, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya ya kisogoni kama kalamu.

Mjomba wao akaruka. "Wakili! Unamshtaki nani?"

"Simshtaki mtu, mjomba."

"Mmetoka tumbo moja, halafu unaleta mgeni? Aibu!"

Ukoo wote ukaitikia, "Aibu! Aibu!"

Shomari akalia. Machozi kabisa, watoto! "Dada, huniamini?"

Sikudhani akaona haya. Wakili hakuitwa. Ukoo ukampa Shomari usimamizi wa mirathi. Wakala, wakanywa, wakaenda zao.

Kesho yake Sikudhani akaja na wanawe. Ko, ko, ko. Shomari kasimama mlangoni, kaujaza mlango wote.

"Kaka, nipishe."

"Subiri. Nasimamia."

Wiki ikapita. "Kaka, nipishe." "Subiri. Nasimamia." Nyuma yake mkewe akafagia chumba cha kwanza. Akafagia na cha pili.

Mvua ikaanza. Ndo, ndo, ndo, chwaa! Sikudhani akamkimbilia Karani.

"Mlimpa usimamizi hadi lini?" Karani akauliza.

"Hatukusema."

"Mliandika chumba kipi cha nani?"

"Hatukuandika. Sisi ni ndugu."

Karani akainamisha shingo. "Ungeniita siku ile, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sasa itachukua masika mawili."

Siku hiyohiyo, mchana kweupe, Fisi akatokea. Sikudhani akakimbia na wanawe, puru puru puru, mpaka mlangoni.

"Kaka, nipishe! Fisi!"

"Subiri. Nasima..."

Kwap! Vitoto vitatu vikawa viwili.

Ukoo ukarudi kwenye matanga mengine. Mjomba akalia. Shomari akalia kuliko wote. "Dada, sisi ni ndugu."

"Najua," Sikudhani akasema. "Ndicho kilichomuua mwanangu."

Karani alihangaika masika mawili, chumba kikapatikana. Siku ya kuhamia, Sikudhani aliingia kinyumenyume, macho yakiwa mlangoni. Hadi leo ngiri huingia hivyo. Mnadhani anamwogopa Fisi? Anamtazama kaka yake.

Basi nawaambia waziwazi, nanyi watu wazima msijifanye mmesinzia: kumwita wakili kabla ya ugomvi si kumtukana ndugu yako. Sikudhani alijua la kufanya, akaona haya, na haya hiyo ikamla mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Mwenye kusimama asogee, wenzake wapite.