Gogo la Juu ya Kisima

Gogo huzuiwa lingali limelala. Mmeisikia methali hiyo leo kwa mama yenu, nanyi mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilianzia kwenye mteremko ule wa juu ya kisima, na mimi nilikuwapo.

Nyinyi mlimkuta babu yenu Kihiyo, mume wangu, akitembea kwa mikongojo, mkadhani ndivyo alivyozaliwa. Sivyo. Alikuwa mpasuaji mbao, yeye na kaka yangu mkubwa, Shekuta. Mwaka ule waliangusha mti mnene sana, wakakata matawi, gogo likalala pale mteremkoni mwezi mzima. Lilizuiwa na jiwe moja tu, ukubwa wa chungu cha maharage.

Siku ya kuliteremsha niliwapelekea chakula. Nikawakuta wanabishana.

“Shemeji, nikachukue kamba nyumbani,” alisema Kihiyo. “Tulifunge kwenye mti ule, tulishushe kidogo kidogo.”

“Kwenda na kurudi jua litakuwa limezama,” Shekuta akajibu. “Jiwe dogo hili limelishikilia mwezi mzima. Sisi wanaume wawili tutashindwa?”

“Jiwe linaliweza kwa sababu gogo halijaanza kwenda. Likianza, hatuliwezi.”

Shekuta akacheka, akalisukuma jiwe kwa mtaimbo.

Mwanzoni gogo halikwenda. Kisha likajigeuza taratibu, kama mtu anayeamka. Lilikwenda polepole kiasi kwamba Shekuta alilitangulia, akakita miguu, akaliwekea mikono. Halikusimama. Visigino vyake vilichimba mifereji miwili kwenye udongo, naye anarudi nyuma, anarudi nyuma.

“Liache! Toka!” Kihiyo alipiga kelele.

Hakutoka. Basi Kihiyo akakimbia, akamsukuma pembeni kwa bega. Shekuta akaangukia kwenye majani. Babu yenu mwenyewe hakuwahi kutoka. Gogo likampita juu ya mguu, likaendelea na safari yake hadi bondeni, wala halikupunguza mwendo kwa ajili ya kilio changu.

Tulimbeba kwa machela hadi hospitali. Mguu haukurudi kuwa mguu. Shekuta alikaa ukingoni mwa kitanda akilia kama mtoto.

“Ningekusikia, shemeji. Ningekusikia tu.”

Kihiyo akamshika mkono. “Nyamaza. Gogo huzuiwa lingali limelala. Sasa limeshapita.”

Hakusema kwa hasira, lakini neno lile lilimkaa kaka yangu kifuani. Alitulimia shamba miaka kumi na minane bila kuombwa. Akiona vijana wanaanza kutupiana maneno, aliwaambia neno hilo hilo, na watu wakalichukua.

Wote wawili wamekwisha kufa. Jambo moja sikuwaambia wakiwa hai. Mtaimbo ulipogusa jiwe, nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale, na moyo wangu ulijua. Nikanyamaza, kwa kuwa yule ni kaka yangu mkubwa, na mimi mwanamke niliyeleta chakula.

Gogo huzuiwa lingali limelala, wajukuu zangu. Nami nilikuwa na sauti.