Kwa Nini Fisi Hubebeshwa Makosa ya Watu

Zamani, kabla fisi hajajulikana kwa ulafi, hadithi zote zilikuwa za watu, na watu hao walitajwa kwa majina. Msimulizi akisema fulani aliiba kuku, basi fulani alikuwa ameiba kuku, na mwenye kuku alikuwa amekaa palepale anasikiliza. Hakuna aliyejua kwamba hadithi inaweza kubeba jambo ambalo halikutokea. Kitu pekee kilichotungwa siku hizo kilikuwa shanga.

Huko milimani watu walinyweshea mashamba kwa ndiva, bwawa la udongo lililokusanya maji ya chemchemi. Asubuhi bwawa lilifunguliwa, na kila mwenye shamba alipata zamu yake ya maji kupitia mfereji. Waliobaki walikaa kwenye majani wakingoja, na kungoja kunachosha. Ndiyo maana walimpenda Namvua.

Namvua alikuwa mjane wa makamo, mwenye kishamba cha maharage. Kazi yake ya kusimulia haikufanana na kazi. Alipalilia huku midomo ikimcheza. Aliwasimulia mbuzi wake, akageuza maneno, akawasimulia tena, na wakiendelea kutafuna alijua bado. Hakuna makande yaliyoungua mara nyingi kama yake. Jirani akimsalimu njiani, yeye alimwitikia mtu mwingine aliyekuwa kichwani mwake. Watu walisema ana kitu kichwani, naye hakukana, maana alikuwa nacho kweli.

Asubuhi moja alimwona Mbonea, jirani wa shamba la chini, amelala kando ya mfereji. Mbonea alikuwa ana mtoto mgonjwa na hakuwa amefumba macho usiku kucha. Zamu yake ikaisha, maji yakaendelea kuingia kwenye maharage yake mpaka mwenye zamu iliyofuata alipokuja kumwamsha. Hilo tu ndilo lililotokea.

Namvua alikaa nalo siku kadhaa, na halikukolea. Mtu aliyelala amelala, nani atacheka? Kisha, akipepeta maharage, jicho likamjia. Mbonea amelala chali, anakoroma kabisa, na jicho moja liko wazi kidogo, linachungulia maji. Namvua alicheka peke yake mpaka ungo ukamtoka mikononi. Akakimbia kuwaambia mbuzi, na mmoja wao akaacha kutafuna.

Kesho yake alisimulia ndivani. Watu walicheka wakashika mbavu, isipokuwa Mzee Kajiru, msimamizi wa zamu.

"Kumbe alikuwa macho," alisema.

Hapo kicheko kikakatika. Aliyepitiwa na usingizi husamehewa, lakini mwizi wa maji hunyang'anywa zamu. Mbonea hakuwapo kujitetea, alikuwa kwa mganga na mtoto. Siku hiyohiyo zamu yake wakapewa wengine.

Jioni alifika kwa Namvua, akasimama mlangoni asiingie.

"Dada, nililala. Unajua nililala."

"Najua, kaka yangu."

"Basi lile jicho umelitoa wapi?"

Maharage ya Mbonea yalikuwa yametoa maua, na maharage yenye maua hayawezi kungojeshwa maji. Namvua aliona aibu, ile inayomfanya mtu atafune chakula asijue anakula nini. Pia, na hili hakumwambia yeyote, alisikitika kwa sababu lile jicho lilikuwa zuri.

Asubuhi alisimama mbele ya wazee. "Mzee wangu, jicho la Mbonea nililiweka mimi."

"Uliliweka wapi?" akauliza Kajiru.

"Kwenye hadithi. Halikuwapo."

Mzee akauliza, taratibu, "Na marehemu mjomba wangu, alipofukuzwa na nyuki akiwa uchi?"

"Nyuki walikuwapo, mzee. Nguo nilimvua mimi."

Wazee walimrudishia Mbonea zamu yake, na Namvua wakamkataza kusimulia. Walidhani mambo yamekwisha. Lakini watoto walipomwona Mbonea walifumba jicho moja, na sokoni watu wazima walifanya vivyo hivyo, kwa adabu kidogo zaidi. Mbonea akaacha kupita njia kuu. Akaanza kumtuma mkewe kwenye zamu, na yeye kukaa nyumbani kama mkwe aliyekosa.

Namvua alitambua kwamba wazee wameweza kurudisha maji, lakini jicho hawakuliweza. Halikuweza kufutwa tu, lilihitaji uso mwingine wa kukaa. Akapitia majirani wote akilini, na kila mmoja alikuwa na jina, shamba na watoto. Mwishowe akamkumbuka fisi, ambaye hana shamba, hana zamu, wala hana shangazi wa kuja kulalamika.

Akaenda kwa Mbonea, akamsihi aje ndivani mwenyewe, angalau mara moja. Mbonea alikuja, akakaa nyuma ya watu.

"Wazee," alisema Namvua, "naomba ruhusa ya kusema uongo."

"Uongo juu ya nani?"

"Juu ya fisi."

Hakuna aliyekuwa na udugu na fisi. Wakamruhusu.

Akasimulia jinsi Fisi alivyopata zamu ya maji, akalala chali akikoroma, jicho moja wazi. Mwanzoni watu walicheka kwa woga. Kisha kila mmoja akaanza kumtazama jirani yake wa upande wa pili, kana kwamba huyo ndiye Fisi, na kicheko kikafunguka. Mbonea alicheka mwisho, akacheka hadi machozi, na kwa muda haikujulikana ni machozi ya nini.

"Dada," aliuliza, "huyo fisi ni nani?"

"Ni fisi tu, kaka."

Baada ya siku chache watoto walikuwa wakifumbiana jicho na kuitana Fisi. Mbonea alipita katikati yao, jembe begani, wala hawakugeuka. Alifika nyumbani mchana kweupe, akajilaza, akalala.

Na tangu siku hiyo watunzi huomba ruhusa kabla ya kuanza, hata wale wanaoiomba kimoyomoyo, na wakiulizwa wamemsema nani hujibu kwamba ni fisi tu. Majirani husoma, wakajitafuta humo, wakamkuta jirani. Na fisi, ambaye hajawahi kumiliki hata mfereji mmoja, mpaka leo anaiba maji ya watu.