Kamba za Chilumba

Mcheza ngongoti hajifungi.

Haya, mmecheka. Jana mlimsikia mjomba wenu akimwambia Twalibu maneno hayo, Twalibu kajiinamia barazani anajikazia breki za pikipiki yake kwa spana ya kuazima, nanyi mkaona mzee amechanganya mambo, pikipiki na ngongoti wapi na wapi. Sogeeni basi, na wewe iweke hiyo simu. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe hakuisema kwa furaha. Ilianza hivi.

Huko juu kwenye uwanda wa Makonde palikuwa na mtu akiitwa Chilumba, mcheza ngongoti. Ngongoti ni ile miti miwili mirefu ambayo mtu hufungwa miguuni, akatembea juu ya vichwa vya watu, na akiijua kazi akacheza nayo ngoma. Chilumba aliijua. Ngoma ikikolea aligeuka kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani, na wanawake wakifumba macho kwa hofu kisha wakiyafumbua kwa uchu wa kuona. Vijana wakitoka jando bila Chilumba kucheza, watu walisema hao bado hawajatoka.

Kila mcheza ngongoti alikuwa na mfungaji wake. Wa Chilumba aliitwa Mchopa, rafiki yake tangu walipoingia jando pamoja. Mchopa mwenyewe hakuwahi kupanda juu. Hata mkorosho ulimtia kizunguzungu. Kazi yake ilikuwa chini. Chilumba alikaa juu ya kichanja cha kuanikia mihogo, miguu inaning'inia, na Mchopa alisimama chini akaiegemeza ile miti, akamfunga kwa kamba za magome, moja kwenye kifundo cha mguu na nyingine chini ya goti. Huku anafunga, anauliza: "Hapa unasikiaje? Na hapa?" Kisha humsimamisha, humtembeza, humrudisha, akalegeza hapa na kukaza pale. Maana mguu wa aliyekaa si mguu wa aliyesimama, nyama hujaa, na aliyejiinamia hawezi kulijua hilo. Na fundo lake lilikuwa na namna yake: mtu akitembea lilishika, lakini mti ukipinda vibaya lilifyatuka, mti ukaenda zake na mtu akaanguka na miguu yake tu. Chilumba alikwisha kuanguka hivyo si mara moja, akajipangusa vumbi, akafungwa tena. Wakati wa ngoma Mchopa alitembea miguuni pake mwanzo hadi mwisho, macho kwenye kamba na kwenye ardhi. Ngoma yenyewe hakuiona kamwe.

Sasa, watu wana midomo. Kwenye sherehe moja, bibi mmoja alimtunza Mchopa kanga mbele ya kadamnasi, akasema, "Chilumba tunamwona, lakini inayocheza ni mikono ya Mchopa." Watu wakacheka. Chilumba naye alicheka, lakini neno lile lilimwingia na likakaa. Tangu hapo kila aliposifiwa alitafuta ndani ya sifa kile kipande cha Mchopa, na kila alipokitafuta alikipata. Wivu haubishi hodi, wanangu.

Mwaka uliofuata mtoto wa dada yake alikuwa jandoni. Mnajua mjomba ni nani kwetu. Baba anaweza kukosekana siku ya kutoka, mjomba hakosekani. Chilumba alimwahidi dada yake kwamba mtoto atatoka na mjomba wake akicheza juu, na moyoni akaongeza ahadi ya pili: siku hiyo hakuna atakayetaja mikono ya mtu mwingine. Akakata mpira wa tairi vipande virefu, akawa anajifundisha peke yake nyuma ya nyumba. Alikaza mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Akasimama, akatembea, akageuka, na mti haukucheza hata kidogo. Akajisemea, kumbe jambo lenyewe ni hili tu.

Asubuhi ya sherehe Mchopa alikuja na kamba zake, amekwisha kuziloweka zilainike. Akamkuta mwenzake yuko juu tayari, amesimama.

"Nani amekufunga?"

"Nimejifunga."

Mchopa akasogea, akaubinya ule mpira chini ya goti. "Huu hauachii, bwana. Ukianguka, unaanguka nao."

"Nani kakwambia nitaanguka?"

"Sijasema utaanguka. Kaa kwenye kichanja nikuangalie tu. Mpira wako nauacha."

"Mchopa, leo pumzika. Kaa na wageni, ule wali."

Mchopa akamwinulia uso. "Kwani nimekukosea nini?"

Angejibiwa ukweli hapo, tusingekuwa na methali. Chilumba jibu alikuwa nalo, ila aliona haya kulitoa. Akasema, "Hujanikosea. Nimekua tu." Mchopa akazizungusha kamba zake kiganjani, akasema, "Haya, shauri yako," akaenda zake. Naye alikuwa na hasira zake siku hiyo, tusimtakase.

Vijana wakatoka, wamenyolewa, nguo mpya, mafuta usoni, na Chilumba akaingia uwanjani. Waliokuwapo wanasema hakuwahi kucheza vile. Dada yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Chilumba akawa anatupa macho chini kumtafuta Mchopa, amwone naye akiona. Hakumwona. Na mnielewe hapa: miaka yote alikuwa amezoea kuutazama utosi ule. Mchopa akihamia kushoto, Chilumba alijua kulia si kuzuri, akageukia kwingine, wala hakuwahi kufikiri kwamba anaongozwa. Sasa palikuwa patupu. Kulia kwake kulikuwa na shimo la nguzo iliyokwisha kung'olewa, limefunikwa na majani, na mti ukazama humo. Mwili ukaenda upande, mti ukabaki umesimama shimoni, na mpira ukafanya kazi aliyoutuma. Haukuachia. Watu wa karibu waliusikia mfupa.

Aliyemfikia kwanza ni Mchopa, kaja mbio mkono una wali. Alijaribu kufungua, mafundo yakakataa, akaukata mpira kwa kisu. Chilumba akamshika shati.

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Nawe kwa nini hukunijibu?"

Mfupa uliunga, lakini vibaya, na goti halikukunja tena. Ngongoti ikaishia hapo. Mchopa naye hakumfunga mtu mwingine. Vijana walimfuata na kumbembeleza, akawaambia mikono yake imeingia woga. Msimu uliofuata wavulana wa kijiji walitoka jando kwa ngoma za chini peke yake, na wazee wengine hawakwenda hata kutazama.

Yule mpwa alipokua alikuja kwa Chilumba, akasema, "Mjomba, nataka ngongoti." Chilumba akachukua fimbo yake, akamwongoza hadi kwa Mchopa. Walimkuta anatwanga tumbaku yake.

"Sifungi," Mchopa alisema kabla hajaombwa.

"Najua. Nimeleta jibu la siku ile," Chilumba akasema. "Nilikuwa nakuonea wivu. Watu walikusifu, nami sikuweza kuvumilia. Hukunikosea kitu."

Mchopa akauweka mchi chini. "Wivu tu?" akasema. "Ungeniambia, Chilumba. Ningekufunga ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kisha ningejichanganya na watu. Nani angejua?"

Machozi yalimtoka Chilumba mbele ya mpwa wake, na hakuyafuta. Mchopa alilia pia. Lakini kufunga hakufunga. Alijaribu kamba kwenye mguu wa kijana, akaizungusha, akaizungua, akamrudishia mguu wake.

Wakashika njia ya kurudi, wakitembea kwa mwendo wa yule mwenye fimbo.

"Basi, mjomba," kijana akasema, "nitajifunga mwenyewe. Nitakuwa mwangalifu."

Chilumba akasimama njiani.

"Hata mimi nilikuwa mwangalifu," akasema. "Mcheza ngongoti hajifungi."