Nzaro na Sauti ya Kanga Jike

Paukwa!

Pakawa!

Aliyekuja na masikio?

Ayatege!

Aliyekuja na usingizi?

Auache mlangoni!

Haya basi. Hapo zamani za kale, katika nyika ya miiba na udongo mwekundu, aliishi mwindaji jina lake Nzaro. Mkewe aliitwa Kadzo. Ukame ulikuwa umepita huko ukafagia mbuzi wote. Masika yakafika, mvua ikanyesha, majani yakaota, lakini chunguni hamkuwa na kitu ila mchicha. Na Kadzo alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia. Maziwa hayakutoka.

Nzaro akasema, "Mke wangu, nitakuletea kanga, wale ndege wa madoadoa wa porini. Ukinywa mchuzi wake, maziwa yatashuka."

Masika ndiyo majira ya kanga kutafutana. Dume huzunguka, jike huita: kekwee, kekwee! Nzaro akawaza, nikiita kama jike, madume watakuja wenyewe.

Siku ya kwanza akachukua pembe, akajificha kichakani, akapuliza: KEEEKWEEE! Nyika nzima ikatetemeka. Kanga wakaruka, purrr! Mmoja akasema akiwa angani, "Yule si jike, yule ni ng'ombe amekwama matopeni!"

Nzaro akarudi mikono mitupu. Mtoto akalia.

Siku ya pili akaita kwa mdomo. Akaita, akaita, akaita, hakumeza hata mate. Kekwee, kekwee, kekwee, kekwee! Kanga wakasimama mbali, wakainua shingo. Mmoja akasema, "Jike gani huyu asiyepumua? Twendeni zetu, hapo pana jambo." Wakaenda zao.

Nzaro akarudi mikono mitupu. Mtoto akalia, lakini sasa kwa sauti ndogo. Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyomtia Nzaro hofu.

Kadzo akamwuliza, "Kwani unawaitaje hao kanga?"

Nzaro akamwonyesha. Kadzo, pamoja na njaa yake, akacheka akajishika mbavu.

"Baba mtoto, uliponitaka mimi, nilikuita hivyo?"

"Hukuniita. Ulipita njia ya kisimani, ukakohoa kidogo."

"Kisha?"

"Kisha ukanyamaza. Mimi usingizi ukanihama."

"Basi na wewe mwite kidogo, unyamaze. Kazi iliyobaki ataifanya mwenyewe."

Nzaro akakata tete mtoni, akachonga filimbi nyembamba. Siku ya tatu akaingia kichakani, akapuliza polepole. Kekwee. Kekwee. Kisha kimya. Jua likapanda. Sisimizi wakamtambaa miguuni, hakujikuna.

Mara akasikia kwa mbali: che-che-cheee! Kanga dume huyo. Nzaro akapuliza tena, mara moja tu, kama mtu anayenong'ona. Kisha kimya.

Kanga akatokea. Amevimbisha mabawa, anatembea kwa ncha za vidole. Lakini hakuwa akiringa. Alikuwa akilia.

"Mke wangu, ni wewe? Kipanga alipokubeba nilijua umekufa. Wenzangu wakaniambia nioe mwingine, nikakataa. Jitokeze nikuone."

Nzaro akavuta upinde. Akaulegeza. Akamkumbuka mtoto, akauvuta tena.

Jamani, mpo?

Tupo!

Sauti haichagui masikio. Chui naye alikuwa ameisikia ile filimbi. Alikuja akitambaa kwa tumbo, akidhani atapata kanga jike, akakuta mgongo wa mtu. Akaona si haba. Akajikunja aruke.

Kanga akamwona. Angeweza kuruka akaenda zake, lakini alidhani mkewe yumo kichakani. Akapaza sauti: "Mke wangu, kimbia! Chui nyuma yako! Kimbia, mke wangu!" Wala hakuondoka. Alimkimbilia chui yeye, mabawa wazi, na ukubwa wake ule wa kuku.

Nzaro akageuka, akaachia mshale. Ukampata chui begani. Akanguruma, akatokomea miibani.

Kanga akakisogelea kichaka. "Umepona? Mke wangu, umepona?"

Alikuwa karibu, wa kushikwa kwa mkono. Nzaro akaweka upinde chini, akatoka, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu yangu, hamna mke humu. Ni mimi niliyekuita. Nilitaka kukuua."

Kanga akamtazama sana. "Nilisikia sauti ina mkwaruzo," akasema. "Lakini mwenye hamu hachagui. Ulitaka kuniua kwa nini?"

"Mke wangu amejifungua, hana maziwa."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Kanga akainamisha kichwa. "Basi usimrudie mikono mitupu. Yule chui jana aliua paa, akampandisha juu ya mti ule wa mgunga, akala mguu mmoja tu. Mchukue kabla hajarudi."

Siku hiyo mchuzi ulinukia nyumbani kwa Nzaro. Kadzo akanywa, akaongeza, akanywa. Maziwa yakashuka, mtoto akanyonya akalala na domo wazi.

"Na kanga wako?" Kadzo akauliza.

"Alinidhania mke wake," Nzaro akasema, "akawa tayari kufa kwa ajili yangu."

Kadzo akaweka bakuli chini. Nzaro akaivunja ile filimbi akaitia motoni. Akaendelea kuwinda, maana watu hula, lakini hakumwita tena kiumbe yeyote kwa sauti ya ampendaye.

Basi wenzangu, anayeita kwa sauti ya kuazima hajui nani ataitika. Na anayekujia kwa mapenzi, usimpokee kwa mshale.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe niitafune.