Kasha la Bure la Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Kukawa na nini?

Kukawa na kasha!

Ndani ya kasha mna nini?

Hatujui!

Hamjui, na bado mnataka lifunguliwe. Basi tulieni. Aliyelifungua yupo, na nitamtaja kwa jina lake.

Hapo kale, wala si kale sana, kale ile mnara wa simu ulipokwisha kusimamishwa juu ya kilima, katika nchi ya Vichuguuni alikaa Kuchakulo. Nasema Kuchakulo. Sisemi Kindi. Kindi hukaa juu ya mti na mkia wake ni wa fahari. Kuchakulo hukaa chini, shimoni, na mkia wake ni wa kawaida. Mkiwachanganya hawa wawili, kisa kitaharibika.

Kuchakulo alikuwa na mke, jina lake Sikitu, na watoto wa kutosha kumaliza chungu, mkubwa wao Mwande. Alikuwa na shamba. Na juu ya dari ya jiko, penye moshi usiopendwa na wadudu, walikuwa na kibuyu cha mbegu. Mbegu za mtama mwekundu, ambao Sikitu alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Mvua zikija vizuri, mtama ule huzaa. Mvua zikija vibaya, mtama wa wengine hukauka, ule huzaa. Kwa mtama ule hawakuwahi kwenda kuomba kwa mtu. Na kibuyu kile hakikuguswa mpaka mvua ya kwanza. Njaa iingie, hakiguswi. Mgeni aingie, hakiguswi. Ugonjwa uingie, hakiguswi.

Sasa sikilizeni desturi ya Vichuguuni. Jirani akikuletea chakula katika bakuli, bakuli hulirudishi tupu. Utatia chumvi. Utatia limau. Utatia hata majani ya mchaichai. Lakini tupu halirudi, na anayelirudisha tupu husemwa kisimani mpaka wajukuu wake waote mvi.

Siku moja akapita mgeni, Nguchiro. Msimwite Kicheche. Kicheche ni mwingine, ana milia mgongoni na ananuka. Nguchiro hanuki hata kidogo, na hilo ndilo baya lake: humsikii akija. Alivaa viatu vya ncha, akabeba mwavuli mkubwa wa rangi rangi. Sikitu akamkaribisha uji. Nguchiro akanywa, akajifuta midomo, akarudisha bakuli.

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mnacheka nini, wajomba?"

"Bakuli tupu! Mjomba karudisha bakuli tupu!"

Kuchakulo akawakaripia watoto, kisha akamweleza mgeni desturi. Nguchiro akaomba radhi sana. Akatia peremende bakulini. Lakini macho yalikwisha kumng'aa.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema, "mtu akiletewa kitu ndani ya chombo, hata kama hakukiomba..."

"Hata kama hakukiomba."

"Hata kama kitu chenyewe hakina maana..."

"Chombo ni chombo, bwana," akasema Kuchakulo, kifua mbele. "Sisi huku tumelelewa."

"Nchi nzuri hii," akasema Nguchiro. "Nzuri mno."

Hakuondoka. Alikwenda njia panda, akasimamisha mwavuli, akaweka meza, juu ya meza akaweka kibaba cha kupimia nafaka, nyuma ya meza akapanga magunia. Akajiita wakala. Wakala wa nini? Wa mchezo wa simu uitwao Shamba Tele.

Katika mchezo huo mtu analima kwa kidole. Fikirini, enyi mnaonisikiliza! Watu wenye mashamba yao, yenye udongo, yenye magugu yanayowangoja, wameketi kivulini wanalima kwa kidole shamba lisilokuwapo. Wanafuga kuku wasiotaga. Na kuku wenyewe wanavalishwa nguo!

Jirani yao Pimbi alikuwa amepata kuku mwenye miwani. Akazunguka naye nchi nzima, simu mkononi.

"Jirani, umemwona kuku wangu?"

"Nimemwona," akajibu Kuchakulo.

"Na miwani umeiona?"

"Nimeiona."

"Wako anayo?"

"Hana."

"Maskini wee," akasema Pimbi, akaenda zake.

Neno lile likamuuma Kuchakulo, naye usiku ule akakesha akilima kwa kidole.

Asubuhi simu yake ikalia. Kasha jekundu linarukaruka kiooni. Maandishi yanasema: Hongera, Kuchakulo! Umechaguliwa! Na sauti nyororo ikaimba. Nanyi mnipokee, maana Vichuguuni nzima walipokea:

Kasha, kasha, funguka!

Bure, bure, ni bure!

Kilichomo ni chako!

Bure, bure, ni bure!

Kuchakulo akaligusa. Kasha likafunguka, mwanga ukatoka, vinanda vikalia, kikatokea nini? Jembe la dhahabu. Jembe la kwenye kioo. Kuchakulo akaruka kama aliyepata jembe. Kisha maandishi mengine yakaja: Kasha lako sasa ni tupu. Tafadhali lirudishe kwa wakala.

Furaha ikamkatika. Tupu? Yeye, Kuchakulo, arudishe kasha tupu? Akatazama huku, akatazama kule. Ndani ya nyumba hakukuwa na chochote cha kutia, ila kilichokuwa darini. Mjue kwamba hakuna aliyemdai. Hakuna aliyemshika shati. Malezi yake mema ndiyo yaliyompandisha darini kwa miguu yake mwenyewe, akatia mkono kibuyuni, akatoa konzi moja. Konzi moja ni nini katika kibuyu kizima?

Akampelekea Nguchiro chini ya mwavuli.

"Ah, Bwana Kuchakulo! Mimi sikudai kitu."

"Najua hukudai."

"Lile ni la bure."

"Najua ni la bure."

"Basi kwa kuwa umenilazimisha," akasema Nguchiro, akaimwaga konzi guniani bila kuitazama.

Kesho yake simu ikalia tena. Kasha hili lilikuwa kubwa kuliko la jana.

Kasha, kasha, funguka!

Bure, bure, ni bure!

Likafunguka. Kikatokea nini? Kofia ya sanamu ya kutishia ndege. Na ndege kwenye mchezo hawapo! Lakini kasha lilikuwa kubwa, na kasha kubwa kulirudisha na konzi moja ni matusi. Kuchakulo akapanda darini, akachota kibaba.

Kesho yake simu ikalia tena. Kasha hili lilijaza kioo kizima.

Kasha, kasha, funguka!

Bure, bure, ni bure!

Safari hii kasha halikufunguka upesi. Vitu vikazunguka mbele ya macho yake. Jembe likapita. Kofia ikapita. Ikaja trekta! Trekta Adimu, nyekundu, ambayo hata Pimbi hakuwa nayo. Ikaja polepole. Ikasita. Kuchakulo akaisogelea mpaka pua ikagusa kioo. Ikateleza kidogo, kidogo tu, ikapita. Kikatokea nini? Soksi ya jogoo. Moja. Ya mguu wa kushoto.

Lo! yakasema maandishi. Ulikaribia sana! Jaribu tena kesho.

"Nimekaribia sana," Kuchakulo akajiambia. "Mmeona? Nimekaribia." Hakuna aliyeona, alikuwa peke yake. Akapanda darini, akachota pishi nzima, vibaba vinne. Na kesho yake akarudi. Na kesho kutwa akarudi. Ile soksi ya kulia hakuipata.

Mawingu yakaanza kukusanyika nyuma ya kilima. Upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa mbali. Sikitu akapanda darini kuteremsha mbegu. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyokishika kila mwaka, na kikainuka mara moja, chepesi kama yai viza. Akakitikisa. Kimya.

"Baba Mwande."

"Naam, mke wangu."

"Panya wameingia darini?"

"Panya? Labda."

"Panya waliofungua kizibo, wakatafuna mbegu, wakakifunga tena?"

Kuchakulo akatazama miguu yake. "Nimerudisha makasha ya watu," akasema. "Ulitaka tusemwe kisimani?"

"Umepewa nini ndani ya hayo makasha?"

Kuchakulo akawasha simu, akamwonyesha. Jembe. Kofia. Soksi.

Sikitu akavitazama kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Mama yangu alikimbia njaa na kibuyu hiki mgongoni," akasema. "Mimi nilikuwa mikononi. Alidondosha nguo, alidondosha vyungu, hiki hakukidondosha. Nawe umekitoa kwa soksi ya jogoo."

"Tena nilikaribia trekta," akasema Kuchakulo.

Kuna watu wa kujibiwa na kuna watu wa kupitwa. Sikitu akampita. Akatoa mtungi wao mkubwa, ule wa maji ya harusi unaobebwa na wawili. Akachukua kipande cha ubao, mkaa na udongo mwekundu, akachora suke la mtama. Akautia ubao mtungini, akafunika, akamwita mumewe washirikiane kubeba.

Njia panda ilikuwa imejaa watu. Foleni ndefu, kila mtu na konzi yake, kila mtu na kibaba chake, wote wamelelewa vizuri. Sikitu akautua mtungi mbele ya meza.

"Hongera, Bwana Nguchiro! Umechaguliwa!"

"Mimi?"

"Wewe. Ni zawadi. Ya bure."

Nguchiro akautazama mtungi. Akaona ukubwa wake, akaona ulivyofunikwa, akasahau kwamba kazi hii ni yake. Watu nao, kwa mazoea, wakaanza kuimba:

Mtungi, mtungi, funuka!

Bure, bure, ni bure!

Akafunua. Akatia mkono mpaka kwapani. Akapapasa. Akatoa ubao.

"Nini hii?"

"Mtama Adimu," akasema Sikitu.

"Hii ni picha!"

"Nzuri, eti?"

"Picha, mama! Picha hailiwi! Picha haipandwi! Mimi nikafanye nini na picha?"

Watu wakatazama konzi zao. Pimbi akatoa simu yake, akamtazama kuku wake mwenye miwani, akairudisha mfukoni. Kwa mara ya kwanza hakumwonyesha mtu.

"Mtungi wangu sasa ni mtupu," akasema Sikitu. "Nakuomba unirudishie."

Nguchiro akachota konzi moja.

"Konzi!" akaropoka mtu wa foleni. "Mtungi wote huo anarudisha na konzi! Huyu kalelewa wapi?"

Nguchiro akatazama foleni. Akiujaza mtungi, gunia limekwisha. Akiurudisha mtupu, foleni yote imejifunza kurudisha tupu, na biashara imekufa papo hapo. Akainua gunia la kwanza, akamimina. Mtungi haukujaa. Akainua la pili, akamimina huku akitabasamu, tabasamu la mtu anayeng'olewa jino. Mtungi ukajaa mpaka mdomoni.

Hapo mmoja akatoka kwenye foleni, akakimbilia kwake. Mwingine akafuata. "Nani ana mkaa?" wakaulizana. "Nani anajua kuchora uwele?" Haukupita muda, barabara zote nne zikaonekana watu wanakuja na mitungi vichwani, wanaimba. Nguchiro alipowaona akaacha mwavuli, akaacha meza, akaacha magunia yaliyobaki, akatimka hata viatu vya ncha vikamvuka.

Msifurahi bado. Sikitu alipofika nyumbani akaumwaga mtungi juu ya mkeka. Mlikuwamo uwele, ulezi, mtama mweupe, choroko, mbegu za nchi nzima zimechanganyika. Mtama mwekundu ulikuwa mchache, punje hapa na punje pale, maana mwingi Nguchiro alikwisha kuuza ng'ambo ya kilima.

"Kaa," Sikitu akamwambia mumewe. "Chagua."

Kuchakulo akakaa. Akachagua punje moja moja, mgongo ukamuuma, macho yakamtoka machozi. Za majirani zilirudi kwa wenyewe, na mbegu yao aliyoipata haikutosha shamba. Ilitosha kona moja ya shamba, na kwa mwaka ule nyumba ile ililala na uji mwepesi, ikaenda kuomba kwa watu, jambo ambalo haikuwahi kulifanya.

Lakini siku ile, matone ya kwanza yakiwa yanapiga paa na rundo halijafika nusu, simu ikalia.

Hongera, Kuchakulo! Umechaguliwa!

Watoto wakamtazama baba yao. Kuchakulo akaitazama simu. "Labda hii ni trekta," akasema taratibu.

"Labda," akasema Sikitu. "Chagua punje."

Tangu mwaka ule Sikitu haweki tena mbegu darini. Anazifukia ardhini, punje huku, punje kule, na mahali pake hamwambii mumewe. Ndiyo sababu mpaka leo mtamwona Kuchakulo anafukua ardhi hapa, anafukua pale, kisha ghafla anasimama wima kwa miguu ya nyuma na kuangaza macho pande zote. Wenye vitabu watawaambia anamwogopa mwewe. Uongo. Anaangalia kama mkewe yuko mbali.

Kisa kimefika ukingoni, nami nakitua hapo.

Kitue!

Kilicho kitamu gawaneni. Kilicho kichungu, kila mmoja anajua ni cha nani.