Bomba la Jini wa Mtaa wa Madebe

Hapo zamani, na si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, nyumba zikiezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa na Bwana Afya akipita na kofia ngumu na kijiti cha kuchokolea mitaro, palikuwa na mtaa mmoja nyuma ya reli ukiitwa Mtaa wa Madebe. Mji wenyewe siwatajii. Mkiujua mtaanza kuulizana nani ndugu ya nani, na hadithi itaniharibikia.

Mtaa ule ulikuwa na nyumba sitini na kisima kimoja. Kisima kilikuwa bondeni, vyoo vilikuwa mlimani, na maji ya mvua, mnajua wenyewe, hayapandi mlima. Basi kila masika tumbo liliingia. Wakubwa waliharisha wakapona. Watoto waliharisha wakazikwa.

Bi Kidawa, muuza vitumbua, alikuwa amezika wajukuu wawili, masika kwa masika. Alibakiwa na mmoja, Siwema, mtoto wa miaka mitatu asiyejua kukaa kitako. Asubuhi yuko kwa huyu, adhuhuri yuko kwa yule, na kila nyumba aliyoingia alichovya kata mtungini akanywa. Nani amkataze? Mtoto wa mtaa ule alikuwa wa wote, na mtungi ulikuwa wa wote. Kila Siwema aliponyanyua kata, Bi Kidawa roho ilimruka.

Sasa Bwana Afya. Jina lake Mdoe, kijana msomi, amepanga chumba mtaani pale pale. Siku moja akaita watu uwanjani, akapanda juu ya sanduku, akasafisha koo, akasema:

"Ndugu zangu, nimechunguza. Ugonjwa huu unatoka majini!"

Lahaula! Uwanja ukalipuka. "Mnasikia? Majini!" "Si nilisema mimi?" "Serikali yenyewe imekiri!" Huyu anashika kichwa, yule anamwita mwanawe, bibi mmoja anakimbilia ubani. Bwana Mdoe pale juu anapunga mikono, mdomo unacheza, sauti haisikiki.

Akazunguka nyumba kwa nyumba kusahihisha. "Jamani, sikusema majini. Nilisema majini!"

"Ndiyo, mwanangu, tumekusikia. Majini."

"Kwenye maji! Mna vidudu vidogo, havionekani kwa macho, vinakaa kisimani, vinamwingia mtu tumboni."

Watu wakatazamana. Kiumbe hakionekani, kinakaa kisimani, kinamwingia mtu. Sasa hicho kama si jini ni nini? Wewe unayecheka huko nyuma, ungekuwepo ungesema nini?

Wakaenda kwa Fundi Shekue. Huyu alikuwa fundi wa mashetani, miaka thelathini kazini, jina lake likitajwa hata paka ananyamaza. Fundi akasema: kila nyumba kuku mweusi, ubani, na hirizi shingoni mwa mtoto. Kuku weusi wakaadimika mtaani, watu wakawa wanapaka masizi kuku wekundu. Watoto wakavaa hirizi. Na watoto wakaendelea kuharisha na hirizi zao shingoni.

Lakini siku ile ya uwanjani, Bi Kidawa alikuwa ametandaza vitumbua vyake chini ya lile sanduku. Wenzake walisikia neno moja, yeye alisikia na la pili: "Chemsheni maji ya kunywa." Akawaambia majirani. Wakamcheka.

"Bi Kidawa, wewe kachemshe mafuta yako ya vitumbua. Mambo ya majini mwachie Fundi."

Akaenda kulia peke yake jikoni, akafuta machozi, akafikiri. Bibi huyu, nawaambieni, alikuwa na akili ya kuuza vitumbua vya jana kwa bei ya leo.

Alhamisi alasiri Fundi Shekue akapiga ngoma uwanjani kwake. Mtaa mzima upo. Ngoma ilipokolea, Bi Kidawa huyo, chini! Anatetemeka, anagugumia, kilemba kimeruka. "Jini kapanda! Kapanda!" watu wakapiga kelele. Fundi akamwendea na maswali ya kazi yake.

"Wewe nani? Taja jina!"

Kimya.

"Wataka nini? Wataka kuku?"

"Sitaki kuku!" Sauti nzito, ya kutoka mtungini.

Watu wakashika midomo. Jini hataki kuku!

"Wataka ubani? Wataka marashi?"

"Sitaki! Mimi nakaa kisimani. Anayeninywa mbichi namwingia tumboni. Naogopa kitu kimoja tu."

"Kitu gani, bwana mkubwa?"

"Moto! Maji yakiwa vuguvugu nacheka. Yakitokota nakufa! Na mtungi ufunikwe, nikiuona wazi narudi. Na kata iwe na mpini, msinichovye vidole! Na mkitoka chooni mnawe mikono!"

Nyuma pale mtu akanong'ona, "Jini huyu mbona kama mama mkwe wangu?" Akapigwa kiwiko.

Fundi Shekue akainama amtazame vizuri. Bi Kidawa akafumbua jicho moja, wakaonana. Ngoma ikalia mara tatu, mara nne. Kisha akainuka, akanyoosha mkono.

"Jini kasema! Chemsheni!"

Wakachemsha. Masika yale kila jiko lilifuka moshi, kila mtungi ulikuwa na kifuniko. Tumbo halikuingia. Mtaa wa Madebe haukuzika mtoto hata mmoja, na Siwema akazunguka nyumba zote sitini akinywa kata kwa kata.

Habari zikafika kwa wakubwa wa mji. Wakasema mtaa ule utapewa bomba la maji, moja. Litafunguliwa kwa saa mbili tu kila asubuhi, baada ya hapo watu na kisima chao. Na litawekwa mlangoni kwa mtu aliyeuondoa ugonjwa, liitwe kwa jina lake. Jumbe wa mtaa alete jina moja, Ijumaa baada ya sala. Pasipo jina, bomba linakwenda mtaa wa pili.

Alhamisi alasiri wale watatu wakajikuta barazani kwa Bi Kidawa, vitumbua katikati. Hakuna aliyekuwa akila.

Bwana Mdoe akaanza. "Bomba ni langu. Bila mimi nani angejua kuhusu maji? Nimefukuzwa na mbwa katika nyumba hizi. Nimeitwa mtumishi wa majini. Na nilipojua huyo jini ni wa uongo, nilinyamaza. Mimi, niliyesomea ukweli miaka mitatu, nikawaandikia wakubwa kwa mkono wangu kwamba wananchi wameelewa! Mnajua ilivyoniuma?"

Wenzake wakasema, "Kweli, umeumia."

Fundi Shekue akadakia. "Bomba ni langu. Bila mimi nani angemsikiliza huyu bibi? Bi Kidawa, jini wa kweli hutaja jina kwanza, kisha ndiyo anadai kuku. Wewe jina hukutaja, kuku hukutaka. Nilikujua palepale! Ningesema 'Huyu hana kitu,' ungebebwa kwa aibu. Nikasema 'Jini kasema.' Leo hakuna anayeniletea kuku. Wote wanachemsha maji, wamepona. Nimeua kazi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, nami nina watoto wanataka kula."

Wenzake wakasema, "Kweli, umepoteza."

Bi Kidawa akapangusa mikono kwenye kanga. "Bomba ni langu. Bila mimi, wewe Mdoe ungekuwa bado unasema 'si majini, ni majini,' na wewe Fundi ungekuwa unafuta masizi kwenye kuku. Nimegaragara vumbini na umri wangu, kilemba kimeruka mbele ya wakwe zangu. Mguu huu mbovu, kila siku naupandisha mlima na debe kichwani. Nyinyi mmepoteza kazi na usingizi. Mimi nimezika wawili."

Wenzake wakainama.

Fundi akasema taratibu, "Dada yangu, utalidai vipi hilo bomba? Kesho ukisimama useme 'Jini alikuwa mimi,' vyungu vyote vitateremka mekoni kabla hujamaliza maneno. Kuni ni ghali, watu wamechoka kuchemsha. Wanaogopa jini tu."

"Bomba si litakuwepo?"

"Kwa saa mbili tu za asubuhi," akasema Bwana Mdoe. "Kutwa nzima iliyobaki watakunywa ya kisimani. Na Siwema anakunywa kwa watu wote."

Bi Kidawa akakusanya vitumbua vyake. Wakaachana bila kuafikiana.

Ijumaa ikafika. Jumbe Mwinjuma amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, pembeni yake karani kutoka mjini, suruali imenyooshwa, kitabu mapajani, kalamu sikioni. Jumbe akauliza, "Wananchi, nani aliyetuondolea ugonjwa?"

Wale watatu hawajafungua vinywa, mtaa mzima ukajibu kwa sauti moja:

"Jini!"

Jumbe akakohoa. Karani akachukua kalamu. Yeye kazi yake kuandika. "Mlango wake uko wapi?"

"Kisimani!"

Karani akaandika. "Jina lake nani?"

Watu wakaulizana. Jini wao, mwokozi wao, jina lake hakuna anayelijua!

"Pasipo jina sitii sahihi," karani akasema, akaanza kufunga kitabu. "Nitakwenda mtaa wa pili."

"Subiri, bwana!" mtu akapiga kelele. "Kiti chake, aliyepandwa naye, yupo! Muulizeni Bi Kidawa, kampanda yeye!"

Macho yote yakamgeukia. Bwana Mdoe anamtazama. Fundi Shekue anamtazama. Na nyuma ya kiti cha Jumbe, mlangoni, Siwema amefunua mtungi wa watu, kachota kata yake, anakunywa.

Bi Kidawa akasimama. Akiutaja mwenyewe uongo wake, bomba li mlangoni kwake na mguu wake umepumzika, na vyungu vinateremka. Akitunga jina la jini, vyungu vinabaki mekoni, bomba linakwenda bondeni, na debe linabaki kichwani mwake hadi kaburini. Akitaja jina la Mdoe au la Shekue, watu watauliza imekuwaje, na jibu litaufichua uongo.

Akafungua kinywa.

Nami hapo nafunga changu. Msinitazame hivyo! Mimi nimesimulia, kazi iliyobaki ni yenu. Na wewe uliyeshika kata, iweke chini kwanza tujibizane.

Mmoja alikuwa na ukweli usiosikika. Mmoja aliuona uongo akaunyamazia. Mmoja aliutunga. Na nyumba sitini kwa sitini zinamshukuru asiyekuwepo. Karani kashika kalamu, wino unakauka. Je, nani alistahili bomba lile, na Bi Kidawa ataje jina la nani?