Mguu wa Ngiri na Mbio za Mlima Lugombe

Kisa hiki kinaanza na kiu. Mwaka ule masika yalipita mbali na bonde la Isinde kama jirani aliyenuna, na kisima cha bonde kikakauka mpaka vyura wakahama. Juu ya mlima Lugombe ilibaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ndogo. Kila asubuhi familia tatu za kwanza zilikunywa maji safi. Waliofuata walikunywa tope.

Wa mwisho siku zote alikuwa Ngiri na watoto wake watatu. Si kwamba alichelewa kuamka. Alifika mapema, lakini Nyumbu alimsukuma, Punda Milia akamsukuma, na yeye akasema "samahani" kana kwamba kosa ni lake. Tope likawaharibu watoto matumbo. Kitinda mimba wake, aliyekuwa mchezaji kuliko wote, sasa alishinda amelala pangoni akitazama ukuta.

Ugomvi wa chemchemi ulipozidi, Simba akaita baraza. Huyu Simba alikuwa na kiburi kiasi kwamba hata akipiga chafya alingoja kupongezwa.

"Mimi nimefikiri," akasema, ingawa aliyefikiri ni mkewe. "Mwezi utakapoandama mara ya tatu, kutakuwa na mbio. Mtaanzia kisimani alfajiri, mtauzunguka mlima Lugombe wote, mtavuka mto Mbeke uliokauka, kisha mtapanda hadi chemchemini. Watatu wa kwanza, familia zao zitakunywa mbele ya wengine mpaka mvua irudi. Nimesema, na mimi sisemi mara mbili."

Wanyama wakajiandikisha. Nyumbu alijiandikisha kabla hajajua ni kitu gani. Wakafuata Mbuni, Swala, Punda Milia na Sungura. Ngiri aliposogea mbele, miguu mifupi, tumbo zito, mkia umesimama wima kwa woga, baraza zima likacheka.

"Dada Ngiri," akasema Sungura kwa upole wa kujifanya, "kuuzunguka mlima wote? Wewe ukilizunguka pango lako tu huwa unatweta."

"Ndiyo maana nitafanya mazoezi," akasema Ngiri.

Akaanza kesho yake, na siku hiyo hiyo kipupwe kikaingia. Wanaoijua Isinde wanakijua kipupwe chake. Ukungu hushuka mpaka huoni pua yako, umande huganda juu ya majani, na kila kiumbe mwenye akili hujikunyata mahali penye joto. Ngiri alitoka pangoni kila alfajiri akitetemeka, akakimbia mpaka kwenye mti wa karibu na kurudi. Wiki ya pili akakimbia mpaka jabalini na kurudi. Kwato zilikufa ganzi, masikio yakawa kama si yake. Lakini pumzi ilianza kurefuka, na asubuhi moja alishangaa kujikuta anaimba njiani.

Sungura naye alifanya mazoezi, kwa namna yake. Alilala shimoni mpaka jua lipande, kisha akatoka, akajigaragaza vumbini, akajirashia umande kifuani, na kuketi mahali anapoonekana.

"Ndio kwanza narudi," alimwambia kila apitaye. "Mlima wote, mara mbili."

Siku moja Ngiri alipita akichechemea kidogo. Kifundo cha mguu wa nyuma kilikuwa kinamuuma. Sungura akamwita. Alikuwa amehesabu washindani wake, na kila aliyevunjika njiani alimpunguzia kazi.

"Dada, nikupe siri ya wakimbiaji? Maumivu ni mgeni. Ukimpuuza, ataondoka mwenyewe. Siku mguu unapouma, kimbia mara mbili."

Ngiri hakuwa na hila, kwa hiyo hakuitambua hila. Akakimbia mara mbili. Siku ya nne kifundo kikavimba kama boga, akarudi nyumbani kwa miguu mitatu.

Siku hiyo hiyo ndipo alipopata mwenzake wa mazoezi, ingawa hakumwomba. Fisi, ambaye husikia harufu ya mguu mgonjwa kutoka bonde la pili, alianza kumfuata nyuma, hatua ishirini, kichwa upande.

"Bwana Fisi, unatafuta nini nyuma yangu?"

"Natembea tu, shemeji. Nalinda afya."

"Na hayo mate?"

"Umande huu," akasema Fisi, akijifuta. "Kwani mguu unaendeleaje? Haujalegea?"

Ngiri akaenda kwa Nyegere, mganga wa mifupa na mishipa. Nyegere alikuwa hodari, lakini hakuwa na subira hata na nyuki. Akakibonyeza kifundo, Ngiri akapiga kelele.

"Nani alikuambia ukimbie na mguu huu?"

"Sungura."

"Na Sungura ameutibu mguu wa nani?" Nyegere akakifunga kifundo kwa majani. "Siku kumi. Lala."

"Siku kumi! Mganga, mbio ziko karibu. Pumzi yote niliyoitafuta itapotea."

"Pumzi itarudi. Mguu ukikatika haurudi. Lala, mwanamke!"

Ngiri akalala. Kulala kulimuuma kuliko kukimbia. Alisikia kwato za Nyumbu zikipita alfajiri, akahesabu siku, akawagombeza watoto bila sababu, kisha akawaomba radhi. Siku ya kumi na moja akatoka nje, akakanyaga polepole. Hakuna maumivu! Akaruka kidogo. Hakuna!

Sungura alikuwa ameketi mahali pake. "Umepona, dada? Nilidhani umekwisha kujitoa. Wenzako wote wanauzunguka mlima sasa."

Neno hilo likamchoma. Nyegere alikuwa amemwambia aanze kwa kutembea tu. Ngiri akaenda kuuzunguka mlima wote siku hiyo hiyo, mkia juu, ukipepea kama ameshashinda. Alipofika nyuma ya mlima kifundo kikalia "ka!", naye akaketi chini kwenye nyasi za baridi. Fisi akaketi pia, hatua ishirini nyuma, akaanza kunoa meno kwa heshima.

Ilimchukua mpaka magharibi kufika kwa Nyegere, mara akisimama, mara akijikokota. Mganga akakibonyeza tena kifundo.

"Mguu nimeujenga siku kumi," akasema. "Wewe umeubomoa asubuhi moja."

Siku ile Ngiri aliingia pangoni kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo, akabaki ameutazama mlango bila kuona. Akalia. Hakuulilia mguu. Aliulilia ule upumbavu wa kuukubali mdomo wa Sungura mara mbili.

Kitinda mimba wake akajikokota mpaka alipo. "Mama, hutakimbia tena?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi napenda ukikimbia," akasema mtoto. "Ukirudi pango linapata joto."

Asubuhi Ngiri akarudi kwa Nyegere akiwa na swali moja tu. "Niambie nifanye nini, nami sitaongeza hata hatua moja."

Nyegere akalainika kidogo, kadiri Nyegere anavyoweza kulainika. "Pumzika kwanza. Kisha utatembea kwenye mchanga wa mto, ni laini. Ukisikia joto kifundoni, rudi. Usipolisikia, rudi vilevile."

Yakawa ndiyo maisha yake kwa kipupwe chote kilichobaki. Alipumzika, kisha akatembea. Akatembea, kisha akakimbia mpaka kwenye ule mti tu, huku wengine wakimpita na kumcheka. Sungura alimpungia mkono akiwa ameketi. Siku mbaya zilikuwapo. Kulikuwa na asubuhi ambayo alifika nusu ya njia, akasikia joto kifundoni, akageuka. Kugeuka kule kulimgharimu moyo kuliko kupanda kilima, lakini aligeuka. Fisi, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amekosa hata siku moja ya mazoezi, alianza kupungua tumbo na kuingia wasiwasi.

"Shemeji, unatembea vizuri mno siku hizi," alilalamika.

"Nawe pia," akasema Ngiri. "Hutweti tena."

Fisi akashtuka, kwa maana ilikuwa kweli.

Mwezi ukaandama mara ya tatu. Alfajiri ya mbio ukungu ulikuwa mzito, na wakimbiaji walijuana kwa sauti tu. Simba alikuwa ameshapanda chemchemini, pamoja na familia za wakimbiaji, kuwangoja washindi. Tumbili akapiga mbinja, wote wakatoka mbio. Sungura alitoka nao, akakimbia mpaka kwenye jiwe kubwa la kwanza, akakohoa kidogo, akapotelea kichakani. Kutoka hapo alikata njia ya panya, moja kwa moja mlimani, akajificha kwenye majani yenye joto karibu na chemchemi, akasinzia.

Huko nyuma Nyumbu alikuwa anakwenda kama anafukuzwa, Mbuni akimfuata kwa hatua ndefu, kisha Swala na Punda Milia. Ngiri alikuwa wa mwisho, na hakuhangaika. Alikimbia mwendo wake. Fisi alikuwa nyuma yake, ingawa hakujiandikisha.

Walipofika nyuma ya mlima, kifundo kikaanza kuuma.

"Mguu unauma?" akauliza Fisi.

"Unauma."

"Sana?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?" akauliza Fisi kwa matumaini.

"Si cha kukufaa wewe." Ngiri akapunguza mwendo, akatembea. Aliwaona Swala na Punda Milia wakizidi kuwa wadogo mbele, kisha wakatoweka. Kila kitu ndani yake kilimwambia akimbie. Akatembea mpaka lile joto likatulia, ndipo akaanza tena, polepole.

Sasa, usiku uliotangulia, tembo wa upande wa pili walikuwa wamekuja mto Mbeke. Walichimba mchanga kwa miguu na pembe wakitafuta maji ya chini, wakanywa kidogo kilichokuwapo, wakaenda zao. Waliacha mto mzima umegeuka tope jeusi la kufika tumboni. Nyumbu alilivamia bila kulitazama, akatokea ng'ambo. Mbuni alipita kwa urefu wa miguu. Lakini Swala alisimama ukingoni akiinua kwato moja moja, na Punda Milia, anayejali sana mistari yake, alikuwa anatafuta kivuko kisafi.

Ngiri alipoliona tope lile, karibu acheke. Akajitosa. Likamfika mgongoni, baridi, laini, likakikumbatia kifundo chake kama dawa. Kwa ngiri, hapo si kizuizi, hapo ni nyumbani. Akatokea ng'ambo mweusi tii, akawaacha wawili wale wakibishana ukingoni.

Juu chemchemini, Sungura aliamshwa na kishindo cha Nyumbu mbali mteremkoni. Akajirashia maji kifuani, akaruka njiani, akajitupa miguuni pa Simba akitweta.

"Mshindi!" akanguruma Simba, mlima ukaitikia. "Nilijua ni wewe. Njia ilikuwaje?"

"Ngumu, mfalme, ngumu! Lakini mto ulinipumzisha. Mchanga mkavu, nimepita kama barabara."

Akafika Nyumbu, mweusi mpaka tumboni, akaanguka, akalala. Akafika Mbuni, mapaja yamejaa tope. Simba akawatazama, akazitazama nyayo nyeupe za Sungura, akageuza uso. Alikuwa ameshanguruma, na mfalme hangurumi kinyumenyume.

Ndipo akatokea Ngiri. Alipanda taratibu, anachechemea, tope likimdondoka.

"Pole, dada," akasema Sungura. "Wewe ni wa nne. Nafasi zilikuwa tatu."

Ngiri akakaa chini. Akawatazama watoto wake waliokuwa wamesimama kando ya maji, wasiruhusiwe kuyagusa. Kwa mara ya kwanza maishani hakusema samahani.

"Sungura," akauliza, "mto uliuvukia wapi?"

"Palepale mlipovukia nyinyi."

"Na ulioga saa ngapi?"

Mnyama mmoja akacheka puani. Sungura akafungua mdomo, lakini Fisi akawa amefika, na Fisi hajui kunyamaza.

"Kumbe uko hai!" akamwambia Sungura kwa masikitiko ya kweli. "Mimi hutembea nikitazama nyayo. Zako ziliishia kwenye jiwe la kwanza kabisa. Nikasema, maskini, amekufa. Nikakutafuta kichakani, nisikuone. Siku yangu yote imeharibika."

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha Nyumbu. Simba akajinyoosha, akatikisa manyoya.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Kwani mnadhani niliuliza habari za mto kwa nini?"

Wanyama wakatazama chini ili wasicheke mbele yake. Simba akahukumu: Nyumbu wa kwanza, Mbuni wa pili, Ngiri wa tatu. Na Sungura aende akauzunguke mlima aliojisifia kipupwe chote, Fisi akimsindikiza nyuma asije akapotea.

Sungura alirudi jua likizama, tope mpaka masikioni, kwa mara ya kwanza kipupwe kile akitweta kweli. Nyuma yake Fisi alikuwa mchangamfu kabisa, hata jasho hana.

Kesho yake asubuhi, kitinda mimba wa Ngiri aliinamia maji yasiyokanyagwa na yeyote, akanywa mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma, kisha akamrushia mama yake maji usoni na kukimbia. Sungura alikuwa mwisho kabisa wa mstari, akingoja tope litulie, na hakuna aliyemuuliza safari hii amefanya mazoezi mara ngapi.

Njia ya mwongo ni fupi.